Fundo Nisilolifumua

Taa iliyokufa kabisa haijawahi kunitisha. Unaifuata polepole, balbu, fyuzi, swichi, waya, na mahali fulani njiani utaukuta ubaya umejikalia. Ninayoiogopa ni taa inayozima yenyewe, ikawaka yenyewe, na ikifikishwa mbele ya fundi inawaka vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Nimekuwa fundi umeme wa magari Kibiti kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na taa za namna hiyo nimekutana nazo chache. Za pikapu ya kaka yangu ndizo zilizokuwa za kwanza. Mbali na kaka mwenyewe, habari zake zote nimepata kumweleza mtu mmoja tu, shemeji yangu, na yeye nilimweleza kwa kuchelewa.

Kaka ndiye niliyemfuata ziwa. Tulipokuwa wadogo tulilala kitanda kimoja, na mpaka leo najua anakoroma kwa upande gani. Enzi za ruksa zilipoingia, magari yaliyokwisha kutumika huko Japani yakaanza kushushwa bandarini, na watu ambao baba zao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli wakaanza kuulizana bei ya tairi. Kaka na mkewe wakauza korosho za misimu mitatu, shemeji akauza na cherehani yake, wakapata pikapu nyeupe yenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Shemeji alikataa maandishi yale yafutwe. Alisema hajui yanasema nini, na hilo ndilo linalomfurahisha, maana magari ya wenzake yote yanasema mambo anayoyajua.

Kazi ya pikapu ilikuwa kubeba kamba wa baharini. Kaka alishuka Nyamisati jioni na barafu, akawapokea kamba kwa wavuvi, akawapanga kwenye masanduku ya mbao, akaondoka kabla ya alfajiri ili aliwahi lori la wanunuzi linalopita Bungu kwenye barabara kubwa. Lori lile halikungoja mtu. Kamba waliokutwa na jua walikuwa wa kutupa. Kwa hiyo njia yote ile, mchanga mpaka Bungu, ilipitwa gizani, na humo gizani mlikuwa na malori ya boriti za mikoko. Boriti zilipangwa zikatokeza nyuma ya bodi mpaka urefu wa mtu. Lori likiharibika, dereva alikata tawi, akalitupa barabarani, akaenda kulala kijijini. Tawi ndiyo ilikuwa taa yake ya nyuma.

Taa za pikapu zenyewe zilikuwa hafifu. Kaka akaenda Kariakoo, akarudi na taa mbili za kuongezea, kubwa kama sahani za pilau, na balbu zake kali za kutia kiwi. Alizifunga mbele ya grili kwenye bomba alilochomelea mwenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Vijana wa stendi waliziinamia wakajitazama nyuso zao kwenye kioo.

Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa Mkongo kwenye matanga ya mjomba. Wakaniletea salamu wakiuliza nani azifunge waya, na mimi, kwa ulimi wangu, nikajibu: mpelekeeni Mzee azianze yeye, tupate baraka.

Mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa asili alikuwa mtoto wa fundi wa vyombo vya baharini huko visiwani kwenye delta, na alipoingia kwenye umeme wa magari aliingia na ujuzi wa baba yake mkononi. Sisi wengine tulipounga waya tulifunga tepu ya dukani, nayo ikibanduka kwa joto na kwa maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye masanduku ya samaki. Mzee hakutumia tepu. Alizisokota waya, akazizungushia pamba ya kalafati iliyolowekwa mafuta ya papa, akaikandamiza kama anaziba nyufa za mashua, kisha akaifunga kwa uzi wa nyavu. Lilikuwa fundo gumu, jeusi, ukubwa wa kokwa la embe. Maji ya chumvi hayakuingia humo. Nimeyaona mafundo yake kwenye Landrova zilizooza bodi yote, na ndani waya unang'aa. Kwa taa za siku zile, baina ya Kibiti na bahari hapakuwa na kiungo kizuri kuliko kile. Lakini hakuna aliyejiuliza pamba na mafuta vitafanya nini siku umeme mwingi utakapopita hapo.

Siku aliponiruhusu kujitegemea, mama yangu alipika, ukachomwa ubani, watu wakala. Mzee akanikabidhi koleo mbele yao akasema, "Fundo langu hulifumui nikiwa hai. Ukiona lina ubaya, njoo uniambie, nitalifumua mwenyewe au nitakupa ruhusa." Hii haikuwa kauli yake peke yake. Mafundi wote wa upande wetu walikuwa hivyo. Mwanafunzi kufumua kazi ya mwalimu wake bila idhini ilikuwa sawa na kumvua nguo sokoni, na aliyefanya hivyo hakuna aliyempa mwanawe amfundishe. Nilikubali kwa moyo mmoja. Nilidhani ni jambo rahisi.

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba chini ya dashibodi ya pikapu ya kaka mna fundo la Mzee, na kwamba taa zote nne za mbele zinapitia humo. Nilijua pia kwamba macho ya Mzee yalikuwa na mtoto wa jicho. Watu walimwona anazipapasa waya kwa vidole wakasema, "Mashallah, Mzee anafanya kwa kupapasa." Walisema hivyo kwa kumsifu. Hakuna aliyesema kwamba haoni.

Mara ya kwanza kaka alipoileta pikapu alisema, "Mdogo wangu, zinazima. Nikisimama kidogo, zinarudi."

Nikaziwasha. Zikawaka zote nne. Nikatikisa gari, nikapiga bodi ngumi, nikavuta waya. Hazikuyumba. Nikakuta vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, nikavisugua kwa maji ya moto, nikavikaza. Kaka akaondoka ameridhika, na mimi nikaridhika kuliko yeye. Safari mbili zikapita salama. Ya tatu zikazima kwenye mashamba ya mikorosho, akasimama akawasha sigara, na kabla haijafika nusu taa zikarudi.

Mara ya pili nikaifuata ethi, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Ulikuwa umefungwa kwenye bomba la mbele, na bolti yake imeliwa na kutu mpaka imekuwa unga. Nikakwangua chuma mpaka kikang'aa, nikatia bolti mpya na grisi juu yake. Huo ulikuwa ubaya wa kweli, na kuuondoa kulikuwa kazi ya kweli. Lakini haukuwa ubaya wenyewe. Nadhani nilijua hata nilipokuwa nakaza bolti ile, kwa sababu nilikuwa naikaza kwa nguvu nyingi mno.

Mara ya tatu nikafungua kisanduku cha fyuzi, nikakuta fyuzi ya taa imeviringishwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara.

"Nani kafanya hivi?"

"Zilikuwa zinaungua ovyo," kaka akasema. "Ningefanya nini, nisimame porini niuze kamba kwa nyani?"

Nilimgombeza sana. Nilimwambia fyuzi ni mlinzi, na yeye kamfunga mlinzi mdomo kisha analala mlango wazi. Nikatia fyuzi mpya. Baadaye nikaja kujua iliungua kabla hajafika Bungu, na karatasi ya sigara ikarudi mahali pake, ila safari hii hakuniambia. Alichoka kugombezwa. Mimi namficha langu, yeye ananificha lake, na pikapu inakwenda.

Kila mara nilipopitisha mkono chini ya dashibodi, vidole vililigusa lile fundo. Nikaviondoa.

Shemeji hakuwa mtu wa kunyamaza. Mimi na yeye tulikuwa na utani wetu wa siku zote, ananiita mume wa akiba, namwita mke wa mkopo. Siku moja alikuja kwenye banda langu akasimama mbele ya meza na kanga yake begani, akatazama koleo, misumari, na balbu zilizoungua nilizozipanga mstari.

"Shemeji, hebu niambie. Wewe ni fundi au mganga? Maana anayeniambia rudi kesho, rudi kesho, ni mganga."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwenzio anaondoka kwangu, silali," akasema. "Namsikia akipiga honi pale njia panda, ndipo nafumba jicho. Usinichezee. Huyo akinifia barabarani nitakuja kulia hapa hapa kwako, si kwetu."

Nikamwambia nitaongozana na kaka niione mwenyewe hitilafu ikitokea. Akasema, "Alhamdulillahi, umekumbuka kazi yako."

Tukaondoka baada ya sala ya magharibi. Nilikaa kiti cha abiria, testa ya kupimia umeme mkononi, boksi la fyuzi mapajani. Tulipoiacha Bungu na nyumba za mwisho zikabaki nyuma, kaka akawasha zote nne. Sitasema uongo, nilifurahi. Mchanga ulionekana punje kwa punje, na minazi ya kando ilisimama myeupe mpaka juu. Kaka alianza kunisimulia habari za mvuvi mmoja wa Nyamisati aliyeoa kisha akasahau siku ya harusi, na mimi nilikuwa nacheka.

Kisha nikasikia harufu. Harufu ya samaki aliyeungua.

"Kamba wa jana hao," kaka akasema. "Masanduku hayajaoshwa."

Miaka sita nilikaa kwa Mzee nikichemsha mafuta ya papa, nikipigwa makofi nikiyaunguza. Hiyo harufu siichanganyi na kamba. Taa zikawa za manjano, zikawa nyekundu kama kaa linalokufa, zikazima.

Giza lile halikuwa na kitu ndani yake. Gari liliendelea kwenda. Kaka aliondoa mguu kwenye mafuta, akashikilia usukani umenyooka, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilitazamia ashituke, amtaje Mungu, anitukane. Alikuwa amezoea. Alikuwa amejifunza kwamba kwa kawaida hufika thelathini na kitu, na mchanga ukiwa mzito gari husimama lenyewe kabla ya hapo.

Thelathini na nne, taa zikawaka. Mbele yetu, si mbali, alisimama mtu na baiskeli, amejibana kwenye majani, mkono umefunika macho. Hakuwa na taa wala kengele. Tukampita.

Nikapeleka mkono chini ya dashibodi. Fundo lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kulishika.

"Umeona?" kaka akauliza.

"Nimeona. Kuna kiungo kinapata moto."

"Basi kifumue. Koleo si unayo?"

"Nitakifumua nikitoka Bungu," nikasema. "Wewe kwa sasa zima hizi kubwa, twende na hizi hafifu."

Akanitazama. Hakuuliza Bungu kuna nini. Alikuwa hajui kazi, lakini Mzee anaishi wapi alijua.

Siku ya pili nikapanda gari mpaka Bungu. Njia nzima nilipanga maneno. Nitasema: Mzee, taa za siku hizi ni kali, fundo lako halina kosa, taa ndizo zilizozidi. Hayo yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya adabu, na mtu yeyote angeweza kuyapokea. Nilitaka aseme neno moja tu, "fumua," nirudi mbio.

Nilimkuta barazani, amepakata redio iliyofunguliwa, anaipapasa tumboni. Wageni walikuwepo, wazee wawili wa msikitini na mchuuzi wa samaki wakavu. Nikatoa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hiyo sauti naijua. Karibu." Kisha akawageukia wale, "Huyu ndiye mwanangu wa kazi. Muulizeni. Tangu nianze kazi hii, fundo langu limewahi kurudi?"

Wakanigeukia wote. Nikasema halijawahi kurudi.

"Umeona?" Mzee akamwambia mchuuzi. "Na hata sasa, na macho haya. Juzi tu nimefunga taa za pikapu ya kaka yake. Kubwa, za Kariakoo. Nimezifunga na macho haya haya."

Nikajiambia ningoje wageni waondoke. Ukaletwa uji, tukanywa. Wazee wakaondoka kwenda kusali adhuhuri, mchuuzi akachukua kapu lake. Tukabaki wawili. Hapakuwa na kisingizio tena. Mzee alikuwa akitafuta kijiwaya kilichomdondoka, mkono unapapasa mkeka, na mkono ulikuwa unakipita, unarudi, unakipita tena, nacho kiko pale mbele yangu. Nikakiokota nikamtilia kiganjani.

"Umekuja na neno?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Nimekuja kukujulia hali."

Akafumba kiganja juu ya kijiwaya, akasema, "Mungu akuzidishie." Nikapanda gari kurudi Kibiti. Nilijichukia tangu Bungu mpaka nikashuka, na hata hivyo kulikuwa na sehemu yangu iliyojisikia imefanya jambo la heshima. Sehemu hiyo ndiyo ninayoigombeza mpaka leo.

Sasa nilihitaji hila. Nikazitoa zile balbu kali, nikatia za kawaida, ili umeme upungue na fundo lipoe. Kama hila, ilikuwa nzuri. Kaka akauliza kwa nini. Hapo ndipo ningeweza kumwambia, "Fundo la Mzee linaungua, balbu hizi zikirudi taa zitakufa." Ni maneno machache, hata mtoto angeyabeba. Lakini kaka angemwambia mkewe, mkewe angesema kisimani, na kabla ya Ijumaa Bungu nzima ingejua kwamba Mzee amefunga kazi ikaungua kwa sababu haoni.

Nikasema, "Zinakula betri. Betri yako imechoka, haiwezi kuzibeba."

"Ndiyo maana zinazima?"

"Ndiyo maana."

Balbu kali nikaziviringisha gazeti nikamwekea kwenye kidroo cha mbele, ili asije akasema nimemwibia. Nikamwambia nitakuja kulimaliza jambo lenyewe siku chache zijazo. Nilikuwa na maana nikipata ujasiri wa kurudi Bungu. Wiki ya kwanza nilikuwa na kazi. Wiki ya pili nilisikia Mzee ana homa, nikasema si adabu kumwendea mgonjwa kwa habari kama hizo. Wiki ya tatu taa zilikuwa hazijazima hata mara moja, na mtu akiona jipu halimuumi husahau kwamba lipo.

Kisha masika yakaanza. Mvua ya delta si ya kunyunyiza, inashuka kama imeachiliwa, na balbu zile hafifu hazikuonyesha zaidi ya matone yenyewe. Kaka alirudi asubuhi mbili akiwa amechelewa, kamba wameharibika, macho mekundu kwa kukodoa. Hakuja kunilalamikia. Alikuwa mtu wa kutafuta njia. Siku ya tatu akapata lifti mpaka Dar, akarudi na betri mpya kabisa, kubwa, ya kwenye karatasi.

Nilimwona akipita nayo mbele ya banda langu. Aliinyanyua juu kidogo nami niione, akatabasamu. Nilikuwa chini ya basi la watu, mikono imejaa grisi, nikamwinulia kidole gumba. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichopita kichwani mwangu wakati ule. Hakuna kilichopita. Niliona betri nzuri.

Jioni ile alizitoa balbu kali kwenye gazeti akazirudisha mwenyewe. Mbona isiwe? Fundi alisema ubaya ni betri, na betri ni mpya.

Yaliyotokea nilisimuliwa na watu wa kijiji walioamshwa na kishindo. Ilikuwa karibu na alfajiri, mvua imepungua. Waliiona pikapu tokea mbali kwa mwanga wake, wakasema huyo anawahi lori. Kisha mwanga ukawa mwekundu, ukapotea. Gari liliendelea kusikika. Mbele yake lilikuwa lori la boriti, limezama tairi la nyuma usiku ule ule, na tawi lake lilikuwa limesombwa na maji. Boriti moja iliingia kioo cha mbele upande wa abiria, ikatoka nyuma. Nyingine ikapita chini ya usukani. Walisema walipofika walimkuta kaka amebanwa, ana fahamu zake, na anahesabu. Alikuwa amefika mia na kitu.

Mguu wa kulia ulivunjika sehemu tatu na nyonga ikasagika. Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi nyumbani kwa machela, na tangu siku ile hajakaa kwenye kiti cha dereva. Hata kujigeuza kitandani hakuweza mwenyewe.

Pikapu waliikokota mpaka kwenye banda langu. Niliwangoja watu waondoke, nikaingia na kisu. Fundo lilikuwa gumu kwa nje, uzi wa nyavu haujakatika hata mmoja. Ndani pamba ilikuwa majivu meusi, na waya umeungua mpaka umebaki nyuzi mbili tatu zinazogusana zikitaka. Nilichukua chini ya dakika kumi kulifumua. Nikaunga waya upya, nikawasha. Taa moja tu ilikuwa nzima, ikawaka, nikaiacha iwake mpaka jioni, ikaendelea kuwaka.

Nilimwendea kaka siku ile ile aliporudishwa nyumbani. Shemeji alikuwa kisimani. Nikamwambia kila kitu, fundo, Bungu, balbu, betri, bila kujitetea. Alikuwa amelala chali akitazama makuti ya dari. Nilitaka anitukane.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipoongozana nawe. Na kabla ya hapo nilihisi."

Kisha akasema, "Mzee anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue."

Siku chache baadaye Mzee akaja. Binti yake alimshika mkono kutoka stendi, akamkalisha kwenye kigoda karibu na kitanda. Shemeji alikuwa mlangoni anachambua mchele. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Mzee alimpa kaka pole, akamwombea dua, akapapasa shuka mpaka akaupata mguu uliofungwa, mkono wake ukatulia hapo juu.

"Mwanangu," akasema, "niambie kweli. Zilikuwa taa?"

Kaka hakunitazama. "Hapana, Mzee. Taa zilikuwa nzima zote nne. Nilisinzia."

Mzee akavuta pumzi, mabega yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akajirekebisha haraka, "yaani, pole, mwanangu, pole sana. Usingizi ni adui." Akala alichopikiwa, akaongozwa kurudi stendi, na njiani, binti yake aliniambia baadaye, alikuwa anaimba. Aliishi miaka miwili zaidi na alikufa akiamini kwamba fundo lake halijawahi kurudi.

Alipoondoka siku ile, shemeji aliweka ungo chini akanifuata uani. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kusema nami bila kuanza na utani. Siku hiyo hakuanza nao.

"Mume wangu hasinzii," akasema. "Nimelala naye miaka kumi na moja. Akiwa na safari hata kitandani hasinzii. Niambie wewe."

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifumbata juu ya kanga, punje za mchele zimemganda vidoleni. Nilipofika kwenye betri alifumba macho. Nikamweleza kuhusu heshima ya Mzee, koleo niliyopewa, desturi ya mafundi. Nilieleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, na yeye akaniacha nieleze.

"Nimekuelewa, shemeji," akasema. "Lakini ungekuwa wewe ndiye unayepita na pikapu usiku kwenye njia ya Nyamisati, ungelifumua siku ile ile."

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake ikawa sawa. Kisha kaka akaita kutoka ndani, naye akaingia kwenda kumgeuza upande wa pili.